Bosco wa Kiamunyi: mbwa mmoja, ugonjwa mmoja, bei nne

Ijumaa moja jioni, mwalimu mmoja mstaafu wa Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, alipiga simu nne kuulizia bei ya operesheni ya mbwa wake. Wa kwanza alimwambia Sh7,000. Wa pili Sh22,000. Wa tatu Sh38,000. Wa nne, ambaye yuko Nairobi, alimwambia aandae Sh55,000 na kitu juu. Mbwa ni yule yule, ugonjwa ni ule ule, na simu zote zilipigwa ndani ya saa moja.

Kijana wake, aliyekuwa amekuja nyumbani wikendi kutoka Eldoret, alikata kesi papo hapo: hapa kuna mtu mmoja mwaminifu na wezi watatu. Nimezipitia risiti, kwa ruhusa ya Mwalimu na kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la daktari yeyote, na hesabu yangu imetoka tofauti. Wale wanne hawakuwa wakiuza kitu kimoja. Na yule wa bei ya chini ndiye ambaye ningemwogopa zaidi.

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosco, na ni jike. Jina alipewa na mjukuu siku alipoletwa, kabla ya mtu yeyote kumgeuza na kuangalia, na kufikia hapo alikuwa ameshalizoea. Ana miaka 7, ni chotara wa German shepherd na mbwa wetu wa kawaida, na kazi yake ni kulinda boma la Mwalimu, mama anayeishi peke yake. Hilo la kazi lishikwe vizuri, maana ndilo lililoamua mambo baadaye.

Alianza kuugua Jumanne. Aliacha ugali na omena wake, lakini maji akawa anayafakamia. Sufuria iliyokuwa ikimtosha kutwa ilikuwa tupu kufikia saa nne asubuhi. Jumatano akatapika. Mwalimu alienda agroveti, akaeleza, akauziwa oksitetrasaiklini, ambayo ni antibayotiki, iliyovutwa kwenye sirinji kutoka chupa ya ng'ombe, pamoja na vitamini, na kijana wa duka akapanda boda kuja kumdunga. Alhamisi wakarudia. Jumla Sh1,500, na Bosco akazidi kulegea, tumbo likianza kujaa.

Aliyeshtuka ni jirani, mama anayefuga mbwa watatu. Alimtazama Bosco akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, huyu alikuwa kwa joto lini?"

"Wiki sita hivi zimepita."

"Basi usingoje Jumatatu."

Jirani alikuwa sahihi. Mbwa jike anapotoka kwenye joto, yaani siku zake za kutaka dume, awe amepandwa au hajapandwa, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa kama miezi miwili. Homoni hiyo huunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi, huufunga mlango wake na kupunguza kinga ndani yake. Bakteria waliopenya wakati wa joto, mara nyingi wale wa kawaida wa kinyesini, hupata nyumba ya raha. Mfuko unajaa usaha. Madaktari huita payometra. Mlango ukiwa wazi kidogo utaona uchafu ukitoka chini ya mkia na utashtuka mapema. Ukifunga kabisa huoni kitu, na sumu inaingia kwenye damu na kuzisumbua figo. Ndiyo maana ya ile kiu. Wa Bosco ulikuwa umefunga. Dawa ya sirinji haikuwa bandia, ila usaha uliofungiwa ndani kiasi kile hauishi kwa sindano mbili. Tiba ya kutegemewa kwa mbwa mgonjwa namna ile ni kuutoa mfuko wenyewe.

Si ugonjwa wa nadra. Huko Sweden, ambako mbwa wengi wana bima na kwa hiyo kumbukumbu zao zipo, jike mmoja kati ya wanne au watano ambao hawajatolewa kizazi huupata kabla ya kufikisha miaka 10. Wetu hatuwahesabu.

Kuna jambo ambalo Mwalimu hakulisema mpaka alipoulizwa na daktari. Kwa miaka mitatu, kila baada ya miezi sita, mtu anayekuja kutibu ng'ombe wa mtaani alikuwa akimdunga Bosco sindano ya kuzuia joto. Sh700 kila mara. Mara ya mwisho ilicheleweshwa, joto likaja. Sindano hiyo ni homoni ya ukoo ule ule wa projesteroni. Majike ambao hawajawahi kudungwa huugua pia, lakini homoni hizo huongeza hatari, na hilo linajulikana siku nyingi. Kabla ya kuanza sindano, Mwalimu alikuwa ameuliza bei ya kumtoa kizazi akaambiwa Sh9,000, akaona ni kichaa. Sindano sita kwa Sh700 ni Sh4,200. Hesabu hii si yangu. Ameiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu kwenye kona ya risiti ya hospitali, na akaipigia mstari.

Sasa turudi kwa zile simu.

Bei ya Sh7,000 ilitoka kwa mtu wa pikipiki anayezunguka kati ya Kiamunyi na Kabarak. Ni kijana mchapakazi. Kwa chanjo, kwa ndigana na kwa ng'ombe aliyevimba tumbo, ningempigia simu bila kusita. Mwalimu alipomuuliza operesheni ingefanyiwa wapi, alijibu: "Hapo hapo kwa veranda, Mama, nitakuja na kila kitu." Kila kitu kilikuwa dawa ya kulaza, ganzi, nyuzi na sindano ya antibayotiki. Hakuna dripu kabla, hakuna kipimo, hakuna mtu wa pili wa kuangalia kama mbwa anapumua wakati yeye mikono yake imo tumboni. Zaidi ya hayo, ana cheti cha afya ya mifugo, si digrii ya udaktari. Sheria ya mwaka 2011 inawatenganisha madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na wote husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kufungua tumbo ni kazi ya daktari. Mbwa mwenye usaha ndani anapotiwa usingizi, presha yake huteremka upesi. Mfuko ukipasuka wakati unatolewa, usaha unamwagika tumboni. Vitu vilivyokosekana kwenye ile Sh7,000 ndivyo hasa vinavyomtoa mbwa mzima mezani. Kama angefia pale, Mwalimu angekuwa amelipa Sh7,000 za kumzika.

Nairobi ilijitoa yenyewe. Ni kama kilomita 160, na mbwa wa kilo zaidi ya thelathini hapandi boda, wala hakuna makanga atakayemruhusu kwenye matatu akiwa anatapika. Ni kukodi Probox, na dereva akishaona mbwa bei inapanda. Hospitali ile ina daktari usiku kucha na vifaa ambavyo huku hatuna, sibishi, lakini saa za njiani zilikuwa sehemu ya bei.

Kwa hiyo mzozo wa kweli ulikuwa kati ya Sh22,000 na Sh38,000. Zote mbili ni kliniki za hapa hapa Nakuru, zote zina madaktari wenye digrii na leseni. Moja iko ghorofani karibu na soko, juu ya duka la vipuri. Nyingine iko Milimani, ina maegesho, vigae na kahawa ya bure. Ni rahisi kusema tofauti ya Sh16,000 ni ya vigae. Kijana alisema hivyo. Mimi nilipiga simu Milimani baadaye nikauliza kitu kimoja baada ya kingine, na dada wa mapokezi hakunificha lolote. Siku mbili za kulazwa, Sh5,000. Kipimo cha figo, Sh2,500. Kuotesha usaha maabara ili ijulikane ni dawa gani inawaua wale bakteria, Sh3,000. Usingizi wa gesi, na mashine ya kufuatilia mapigo na oksijeni, Sh3,500 zaidi ya usingizi wa sindano. Hayo ni Sh14,000. Zinabaki Sh2,000 za kodi ya nyumba na kahawa, na kwa Milimani hizo si nyingi.

Kumbe basi kilichokuwa kikilinganishwa ni operesheni bila kulazwa upande mmoja, na operesheni pamoja na siku mbili za uangalizi upande mwingine. Kliniki ya sokoni haikudanganya. Iliulizwa "operesheni ni ngapi?" ikajibu swali iliyoulizwa.

Mwalimu alichagua ya sokoni. Jumamosi saa mbili asubuhi Probox ilikuwa langoni, Sh1,000 kwenda na Sh1,000 kurudi, Bosco amelazwa nyuma juu ya gunia. Kitu cha kwanza kliniki ilichofanya ni kumpandisha kwenye mizani, na hapo bei ikaanza kutembea. Kwenye simu Mwalimu alikuwa ameulizwa mbwa ana ukubwa gani, akajibu "wa kawaida." Kliniki ikakadiria kilo 20. Mizani ikasema 31. Dawa ya usingizi, ya maumivu na antibayotiki, zote hupimwa kwa kilo. Mbwa mkubwa hulipa zaidi hata kama kisu ni kile kile, na hili watu wengi huliona kama ujanja kwa sababu hakuna anayewaeleza mapema. Sh1,200 ziliongezeka hapo.

Alitundikiwa dripu kwanza, kama saa mbili, kabla ya kuguswa. Kijana alilalamika kwamba muda unapotea. Haukuwa ukipotea, ndio uliokuwa ukimwezesha kustahimili usingizi. Ultrasaundi ikaonyesha mfuko umejaa. Operesheni ilipokwisha, daktari alimwita kijana akamwonyesha beseni. Mfuko wa uzazi wa mbwa mzima una pembe mbili nyembamba, si nene kuliko kalamu. Ule wa beseni ulikuwa umevimba kama mutura, pembe zote mbili, unang'aa, umejikunja. Daktari aliuweka kwenye mizani ya jikoni: kilo mbili na robo. Kwa mbwa wa kilo 31.

Kijana ni mtu wa ng'ombe, na hakukubali kushindwa upesi.

"Lakini daktari, ng'ombe wetu alipasuliwa akatolewa ndama kwa elfu kumi na mbili. Na ng'ombe ni mkubwa mara kumi na tano."

"Alipasuliwa akiwa amesimama, sivyo?"

"Amesimama, ndiyo. Zizini."

"Kwa ganzi ya ubavuni. Huyu lazima alale kabisa, nimpitishe mpira kooni, mtu mmoja amkalie kichwani kazi yake iwe pumzi tu. Na yule ng'ombe, nani alimlaza wodini?"

Nadhani jibu hili ndilo lenye uzito kuliko yote niliyoyasikia katika kisa hiki. Nakuru ni nchi ya maziwa. Tunajua bei ya kutibu ng'ombe kama tunavyojua bei ya unga, na tunaitumia kumpimia mbwa. Lakini bei ya ng'ombe ina watu wengi nyuma yake. Daktari akitoka asubuhi ana ng'ombe saba au kumi njia moja, mafuta ya pikipiki yanagawanywa kwa wote. Dawa zinakuja kwa chupa kubwa na zinaisha kabla ya kuharibika. Mkulima aliye kwenye ushirika hatoi hata pesa mfukoni, anakatwa kwenye maziwa mwisho wa mwezi. Bosco hana maziwa. Hana ushirika. Anakuja peke yake, na kila kitu kilichofunguliwa kwa ajili yake, kuanzia glavu hadi uzi, analipia yeye, taslimu, siku hiyo hiyo.

Serikali nayo haimo katika hesabu hii, au imo kidogo sana. Huduma za mifugo ziligatuliwa kwa kaunti baada ya katiba ya 2010, na hata leseni za mbwa ni kazi ya kaunti. Lakini maofisa wachache waliopo wako kwenye machinjio na chanjo za ng'ombe. Operesheni ya mbwa ni biashara binafsi tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna ubao wa bei ukutani.

Risiti ya mwisho ilikuwa Sh25,000. Kumwona daktari Sh1,500, ultrasaundi Sh2,500, kipimo cha damu cha kuhesabu chembe Sh2,500, dripu na dawa za kabla ya upasuaji Sh2,800, operesheni na usingizi Sh12,000, kulala usiku mmoja Sh1,000, dawa za kwenda nazo nyumbani Sh1,900, na ile koni ya plastiki ya shingoni Sh800. Ukilinganisha na Sh22,000 za kwenye simu, nyongeza ni uzito, usiku mmoja na koni. Koni Mwalimu aliigomea kabisa. Alisema atamshonea ya kadibodi. Muuguzi akamwambia mbwa akiramba mshono ukafunguka, kushona upya ni Sh6,000. Koni ikanunuliwa.

Kabla ya haya yote, Ijumaa usiku, mama na kijana walikuwa wamebishana mezani, na sehemu hii ni ya haki kuisimulia kwa sababu ndiyo inayotokea katika nyumba nyingi. Kijana alikuwa ameulizia mtandaoni akapata kitoto cha German shepherd safi kwa Sh20,000.

"Mama, kwa hiyo pesa tunapata mpya kabisa, na inabaki."

"Hicho kitoto ndicho kitakachoamka usiku mtu akiruka ua?"

"Kitakua."

"Kitakua lini? Na kabla hakijakua, nitabweka mimi?"

Hakuna machozi hapo, na mimi napenda hivyo. Mtoto wa mbwa huchukua mwaka na zaidi kabla hajawa mlinzi wa kutegemewa, na mwaka huo anakula, anachanjwa, anatafuna viatu, na askari wa usiku hata wa kuchangia na majirani analipwa kila mwezi. Mwalimu alipiga hesabu yote hiyo kabla hajasema anampenda Bosco. Kama hesabu ingekataa, kulikuwa na njia nyingine, ya kumlaza usingizi wa mwisho kwa sindano, na ningeiheshimu kuliko ile ya veranda. Mbwa wa miaka 13 mwenye figo zilizochoka, pengine ningeishauri.

Jinsi pesa zilivyolipwa inafaa kusemwa, maana wengi hudhani kliniki za mbwa haziongei. Mwalimu alimwambia daktari waziwazi kabla ya operesheni: "Daktari, nina kumi na tano leo, iliyobaki pensheni ikiingia." Daktari alikubali, Sh15,000 kwa M-Pesa, Sh10,000 mwisho wa mwezi, wakaandika kwenye karatasi. Angeyasema haya baada ya operesheni, mazungumzo yangekuwa mengine. Daktari naye alimpunguzia upande wake: kutoa nyuzi siku ya kumi na mbili hakumtoza.

Siku hiyo ya nyuzi ndipo ilipogundulika kadi ya chanjo ya Bosco imepitwa na wakati. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi huja katika kichupa cha dozi 10, hukaa kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kikishafunguliwa hakiwekwi kikasubiri mteja wa wiki ijayo. Ukimleta mbwa mmoja, unabeba mzigo wa dozi ambazo huenda zikamwagwa. Kliniki ilitaka Sh1,000. Mwalimu akauliza wakiwa wengi itakuwaje, akaambiwa Sh500 kila mmoja wakifika wanane. Alipita nyumba kwa nyumba kwenye njia yao, akawapata tisa. Chanjo ile ile, nusu ya bei. Na faida si ya mfuko tu: ugonjwa huo, ambao Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nao kufikia 2030, huzuilika mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo wakiwa wamechanjwa, na njia ya Mwalimu sasa imepita hapo.

Mahali pamoja tu sikubaliani naye. Kipimo cha figo, kile cha Sh2,500 alichokiruka, kilikuwa cha kulipiwa siku ile ile. Mbwa wa miaka 7 aliyekunywa maji vile siku nne huenda ana figo zilizopigwa, na daktari anayezijua hali zake huchagua dawa za maumivu kwa uangalifu zaidi. Ningetoa ultrasaundi? Hapana, bila picha ya ndani hakuna anayefungua tumbo kwa uhakika. Kuotesha usaha ningekuacha kwa Bosco, kwa kuwa chanzo chenyewe kilikuwa kinatolewa chote. Mwalimu alikifanya kipimo cha figo mwezi uliofuata, kikatoka vizuri, na sasa ananiambia kwamba hilo linathibitisha alikuwa sahihi kukiruka. Tumeliacha hapo.

Jirani wa mbwa watatu ana jike mmoja wa kilo 18, mzima, na amekuwa akiulizia bei za kumtoa kizazi kabla joto halijarudi. Safari hii alipima mbwa kwanza, akiwa amembeba juu ya mizani ya bafuni na kutoa uzito wake mwenyewe. Kisha akapiga simu akiwa na karatasi: uzito ni huu, je, bei hiyo ina dripu, ina dawa ya maumivu ya kwenda nayo, ina koni, ina kulala, na ni nani anayeshika kisu? Kliniki moja ilianza kwa Sh8,000, na kufikia mwisho wa maswali ilikuwa Sh11,300. Ya pili ilianza kwa Sh10,500 ikabaki hapo hapo. Ameweka siku kwa hiyo ya pili, Jumatano asubuhi, na Probox ni ile ile, kwa Sh800 kwa sababu mbwa huyu ni mdogo na hatapiki.